Maridhiano ya Viongozi Yanamwachia Nini Mwananchi?

Kila mara serikali na upinzani wanapopeana mikono jijini Nairobi, maswali hufika upesi katika masoko ya Karatina, Othaya na Nanyuki. Je, bei ya unga itashuka? Barabara zitafunguliwa? Ni nani ameingia serikalini na ni nani ameachwa nje? Haya ni maswali ya haki, kwa sababu viongozi wanapogombana, anayefunga duka ni mfanyabiashara, na anayekosa gari la kumpeleka hospitalini ni mgonjwa.

Lipo swali jingine ambalo huulizwa mara chache: maridhiano hayo yataacha nini baada ya viongozi waliopeana mikono kuondoka madarakani? Historia ya Kenya ina mifano ya kutosha ya kulijibu. Maridhiano ya mwaka 1964 yaliua serikali za majimbo. Maridhiano ya mwaka 2008 yalisaidia kuzaa serikali za kaunti, ikiwemo hii ya Nyeri. Ya mwaka 2018 yalileta utulivu, lakini mapendekezo yake makubwa yakaishia mahakamani. Ni vyema mkazi wa kaunti hii aelewe tofauti hiyo imetokana na nini.

MARIDHIANO NI NINI?

Katika siasa, maridhiano ni makubaliano kati ya serikali na wapinzani wake ya kumaliza mvutano kwa mazungumzo. Yanaweza kuwa ya aina tatu. Kuna makubaliano ya kuunda serikali ya pamoja, ambayo Wakenya waliipa jina la "serikali ya nusu mkate". Kuna ya kushirikiana bila kuunda muungano rasmi, kama ilivyokuwa kwa salamu za 2018. Na kuna ya kubadilisha sheria au taasisi fulani, kwa mfano tume ya uchaguzi, huku kila upande ukibaki mahali pake.

Katika demokrasia, serikali na upinzani hawalazimiki kuwa kitu kimoja. Kazi ya upinzani ni kuuliza maswali, kukagua matumizi ya fedha za umma na kuwapa wapiga kura chaguo jingine. Kwa hiyo maridhiano mema humaliza uhasama na kuacha ushindani uendelee kwa amani.

1964: UPINZANI ULIPOINGIA SERIKALINI, MAJIMBO YAKATOWEKA

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba yake ilikuwa na serikali za majimbo saba na Bunge lenye Seneti. Chama cha KANU, kilichoongozwa na Jomo Kenyatta, kilitaka serikali kuu yenye nguvu. Chama cha upinzani cha KADU, chini ya Ronald Ngala, kilitetea majimbo kwa kuhofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na jamii kubwa.

Mvutano huo haukudumu. Tarehe 10 Novemba 1964, KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na upande wa serikali. Jambo hilo lilisifiwa wakati huo kama umoja wa kitaifa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba 1964, Kenya ikawa jamhuri.

Hata hivyo, aliyekuwa akiyatetea majimbo hakuwepo tena. Mabadiliko ya Katiba yaliyoanza mwaka huo yaliyapokonya majimbo mamlaka na fedha, na Seneti ikaunganishwa na Bunge kabla ya muongo huo kwisha. Nyeri iliendelea kuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, lakini mkuu wa mkoa aliteuliwa Nairobi na kuwajibika kwa Nairobi. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 40. Mkazi wa Kieni aliyetaka barabara au zahanati hakuwa na gavana wala bunge la kaunti la kulipelekea ombi lake. Alimtegemea mbunge wake na maofisa waliopokea maagizo kutoka juu.

2008: MAPATANO YALIYOZAA KAUNTI

Uchaguzi Mkuu wa tarehe 27 Desemba 2007 uliwakutanisha Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, na Raila Odinga wa chama cha ODM. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, upinzani uliyakataa na ghasia zikazuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao.

Miji ya Mlima Kenya iliyaona madhara hayo kwa macho yake. Familia zilizotoroka Eldoret, Burnt Forest, Molo na Kuresoi zilirudi kwa jamaa zao katika eneo la Kati, nyingine zikiwa na watoto na mablanketi tu. Wengine waliishi katika mahema kwa miaka mingi, kama ilivyokuwa katika kambi ya Mawingu, Kaunti ya Nyandarua. Vilevile, wafanyakazi na wapangaji wa jamii nyingine walilazimika kukimbia baadhi ya miji na mashamba ya eneo la Kati kwa kuhofia kulipiziwa kisasi. Kila upande ulikuwa na waliolia.

Umoja wa Afrika ulituma jopo la watu mashuhuri likiongozwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alisaidiwa na Rais mstaafu wa Tanzania Benjamin Mkapa na Graça Machel wa Msumbiji. Kila upande ulitoa wajumbe wanne. Upande wa serikali uliongozwa na Martha Karua, wakati huo mbunge wa Gichugu, Kirinyaga, akiwa na Sam Ongeri, Mutula Kilonzo na Moses Wetang'ula. ODM iliwakilishwa na Musalia Mudavadi, William Ruto, Sally Kosgei na James Orengo.

Mazungumzo yaligawanywa katika ajenda nne. Ya kwanza ilikuwa kukomesha ghasia. Ya pili ilihusu misaada kwa waathiriwa na kuponya majeraha ya jamii. Ya tatu ilikuwa kutatua mzozo wa nani atawale. Ya nne ilihusu mambo ya muda mrefu: Katiba, ardhi, umaskini, ukosefu wa kazi kwa vijana na tabia ya wakosaji wakubwa kutoadhibiwa.

Mazungumzo yalipokwama kuhusu mamlaka ya Waziri Mkuu, Annan aliyaondoa mikononi mwa wajumbe na kuyapeleka kwa viongozi wawili wenyewe. Tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila walitia saini mapatano mbele ya Jumba la Harambee, huku Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wakishuhudia.

Kilichofuata ndicho kilichoyapa mapatano hayo nguvu. Mnamo Machi 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Mapatano na Maridhiano ya Kitaifa na kuirekebisha Katiba ili kuyatambua. Sheria ilieleza jinsi Waziri Mkuu atakavyopatikana na kwamba hangeweza kuondolewa ila kwa kura ya Bunge. Ilieleza pia muungano ungekwisha lini na kwa njia gani. Raila aliapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 17 Aprili 2008. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii daftari lilikuwepo.

Faida kubwa zaidi ilikuja mwaka 2010. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, Kibaki na Raila walikuwa pande mbili tofauti, ndizi dhidi ya chungwa, na Katiba iliyopendekezwa ikakataliwa kwa takriban asilimia 58 ya kura. Tarehe 4 Agosti 2010, viongozi hao wawili walisimama pamoja kuunga mkono Katiba mpya, nayo ikapita kwa takriban asilimia 67. Ilianza kutumika tarehe 27 Agosti 2010.

Katiba hiyo ndiyo iliyounda kaunti 47, ikarudisha Seneti na kuagiza katika Kifungu cha 203 kwamba kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Serikali ya kwanza ya Kaunti ya Nyeri ilichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Hospitali za kaunti, barabara za vijijini, masoko, shule za chekechea na huduma za maji ambazo leo mkazi anazifuatilia katika ofisi za kaunti zimetokana na safari hiyo.

Yapo pia ambayo hayakutimia. Serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani mnamo Mei 2008, ikiwa na msaada wa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na shilingi 25,000 za kujenga upya nyumba, lakini wengi waliona fedha hizo ni kidogo mno wakilinganisha na walichopoteza. Mnamo Februari 2009, Bunge lilikataa muswada wa kuunda mahakama maalumu ya kushughulikia ghasia hizo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais mnamo Mei 2013, na mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa. Viongozi walipatana, lakini familia nyingi zilizopoteza watu wao hazijapata haki.

2018: SALAMU ZA MBELE YA JUMBA LA HARAMBEE

Miaka kumi baadaye nchi iligawanyika tena. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti 2017, na upinzani ukasusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alijiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru.

Tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Raila walijitokeza pamoja mbele ya Jumba la Harambee na kusalimiana. Walitaja mambo tisa ya kushughulikia, yakiwemo chuki za kikabila, uchaguzi unaogawanya watu, ufisadi na ugatuzi. Maandamano yalikoma na biashara zikarudi. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini makubaliano hayo yalikuwa kati ya watu wawili. Hayakupitishwa na Bunge kuwa sheria, wala hayakueleza nani angeyasimamia. Katika eneo la Mlima Kenya, yaliacha mgawanyiko mpya ndani ya chama tawala cha Jubilee. Kundi la Kieleweke liliunga mkono salamu hizo, na kundi la Tangatanga likabaki na Naibu wa Rais William Ruto. Mikutano ya mazishi na ya makanisa ikageuka majukwaa ya kujibizana. Hivyo maridhiano ya Nairobi yakazaa uhasama mashinani, kwa sababu wafuasi wa pande zote hawakuwa wameulizwa wala kuelezwa.

Mapendekezo ya salamu hizo yaliwekwa katika Mpango wa Maridhiano, maarufu kama BBI. Ndani yake mlikuwa na mambo yaliyozinufaisha kaunti: kuongeza mgao wao hadi angalau asilimia 35 ya mapato, na kuunda hazina ya maendeleo ya wadi. Muswada wake ulipitishwa na mabunge ya kaunti zaidi ya 40 mwaka 2021.

Hata hivyo, Mahakama Kuu iliusimamisha mnamo Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mnamo Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Majaji walisema kwamba njia ya kubadilisha Katiba kwa saini za wananchi ni ya wananchi wenyewe, na Rais hawezi kuitumia kuanzisha mabadiliko. Walisema pia kwamba wananchi hawakushirikishwa kuhusu sehemu iliyogawa maeneo bunge mapya 70.

Funzo kwa kaunti ni zito. Asilimia 35 na hazina ya wadi havikukataliwa kwa kuwa ni vibaya. Vilianguka pamoja na muswada uliopitia njia isiyo sahihi.

2023 HADI 2025: MEZA YA MAZUNGUMZO

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, upinzani uliandamana mwaka 2023 kuhusu gharama ya maisha na uchaguzi wenyewe. Maisha ya watu yalipotea na mali ikaharibiwa. Pande mbili zikaunda Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa, ikiongozwa kwa pamoja na Kimani Ichung'wah wa upande wa serikali na Kalonzo Musyoka wa upinzani. Ripoti yake ilitolewa Novemba 2023.

Pendekezo moja lilifika hadi mwisho wa safari. Sheria ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilirekebishwa na kutiwa saini tarehe 9 Julai 2024, na jopo la kuteua makamishna likaongezwa kutoka watu saba hadi tisa. Mwenyekiti na makamishna wapya waliapishwa mnamo Julai 2025. Kabla ya hapo tume ilikuwa imekaa bila makamishna tangu 2023, na maeneo kadhaa nchini yalikosa wawakilishi kwa kuwa chaguzi ndogo hazingeweza kufanyika.

Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto aliteua wanachama wa ODM katika Baraza la Mawaziri, katika kile kilichoitwa serikali jumuishi. Tarehe 7 Machi 2025, vyama vya UDA na ODM vilitia saini makubaliano ya mambo kumi, yakiwemo kutekeleza ripoti ya kamati ya mazungumzo na kulinda ugatuzi.

Wakati huohuo, mnamo Oktoba 2024, Seneti ilimwondoa afisini Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, aliyewahi kuwa mbunge wa Mathira, na nafasi yake ikachukuliwa na Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi. Kwa hiyo eneo la Mlima Kenya leo lina viongozi wakuu serikalini na wengine katika upinzani. Ndugu wa boma moja wanaweza kuwa pande mbili. Hilo si kosa, mradi tofauti hizo zibaki za maneno na za kura.

MASWALI MANNE YA KUPIMA MARIDHIANO

Kutokana na mifano hii, mwananchi anaweza kupima makubaliano yoyote ya kisiasa kwa maswali manne.

Kwanza, yameandikwa wapi? Kibaki alifariki tarehe 21 Aprili 2022 na Raila tarehe 15 Oktoba 2025. Waliotia saini mapatano ya 2008 hawapo, lakini kaunti zipo, kwa kuwa matunda ya mapatano yao yaliwekwa katika Katiba.

Pili, yamefuata njia ya kisheria? BBI inaonyesha kwamba hata pendekezo zuri huanguka likipitia mlango usiofaa.

Tatu, nani amebaki nje kuuliza maswali? Mwaka 1964 upinzani ulipoisha, hakukuwa na aliyeyatetea majimbo. Chama cha upinzani kinapoingia serikalini, kazi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Seneti, mabunge ya kaunti, vyombo vya habari na wananchi huwa kubwa zaidi.

Nne, walioumia wamepata nini? Salamu za viongozi hazirudishi ng'ombe, nyumba wala mtu aliyepotea. Fidia, haki na ukweli vinahitaji sheria, bajeti na ufuatiliaji wake.

NAFASI YA MKAZI WA NYERI

Mazungumzo ya kitaifa yanaweza kuonekana mbali, lakini Katiba iliyotokana nayo imempa mkazi wa kila wadi kati ya wadi 30 za Nyeri nafasi ya kusema. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe za kufuatilia. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa Mikakati ya Fedha wa Kaunti hufikishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hatua hizi kukamilika, maoni ya wananchi hutakiwa. Mkutano wa maoni ukihudhuriwa na watu kumi, watu hao kumi ndio watakaosikika kwa niaba ya wadi nzima.

Mkazi pia ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti, na kwa Bunge la Kitaifa au Seneti chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 37 haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha.

Haki hizo zina wajibu wake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyotungwa mwaka 2008 baada ya ghasia zile, inapiga marufuku hotuba za chuki za kikabila. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ujumbe wa simu unaosambazwa katika kundi la kijiji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo sawa na hotuba ya jukwaani.

Nchi inapoelekea Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027, viongozi wataungana na kutengana tena. Hiyo ndiyo siasa. Wakazi wa Nyeri wanaofika kwenye mikutano ya maoni, wanaosoma bajeti na wanaokataa kumchukia jirani kwa ajili ya mgombea, ndio watakaohakikisha kwamba kilichopatikana kwa machozi ya 2008 hakipotei kimyakimya kama kilivyopotea cha 1964.